Kuzunguka Ukingo wa Longonot na Shangazi

Shangazi aliupanda Longonot mara ya kwanza mwaka 1981, akiwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, miaka miwili kabla mlima haujatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akiniambia, "Iko siku tutaenda wote." Mwezi wa nane mwaka jana, akiwa ameshastaafu na magoti yake bado yanamtii, siku yenyewe ikafika.

Tuliondoka Nairobi kungali giza, tukashuka Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu. Kulipopambazuka mlima ulikuwa mbele yetu, umekaa peke yake kwenye tambarare, mbavu zake zimekunjamana kama kanga iliyokamuliwa ikasahauliwa kuanikwa. Jina lake limetokana na neno la Kimaasai Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi. Kwa jua lile la asubuhi sikuhitaji kufafanuliwa: kila mgongo ulikuwa na kivuli chake, na kati ya mgongo na mgongo palikuwa na korongo.

Langoni uko mita 2,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi ukingo wa kasoko, lile shimo kubwa lililo juu ya mlima, ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2 nyingine, ukiongeza na kushuka, zinapita 13. Askari wa hifadhi alimtazama Shangazi, akatazama chupa zetu za maji, akasema, "Mama, huko juu hakuna hata tone. Mmebeba ya kutosha?" Tulikuwa na lita tatu kila mmoja, na zote ziliisha.

Mwanzo ni rahisi. Njia inapita kwenye migunga na vichaka vya leleshwa vyenye majani ya kijivu, na upande wa kushoto twiga watatu walikuwa wakila bila kujali watu. Shangazi alichuma jani la leleshwa, akalifikicha, akaninusisha. Harufu yake ni kama kafuri. Aliniambia kwamba Wamaasai huliweka kwapani, na kwamba yeye na wenzake walifanya vivyo hivyo siku ile ya 1981, wakacheka njia nzima.

Mwinuko ulipoanza, aliacha kuzungumza. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anaitafuta njia.

"Mwanangu," akasema, "hapa palikuwa na njia ya mtu mmoja. Tulipita pale." Alinyoosha fimbo kuelekea juu ya kichwa changu, kwenye ukingo wa udongo ambapo mizizi ya kichaka ilikuwa inaning'inia hewani. Sisi tulikuwa chini, ndani ya mtaro wenye kuta za majivu na mawe mepesi yenye vitundu kama mkate. Niliusugua ukuta mmoja kwa kidole, ukamomonyoka kama unga.

Hapo ndipo nilipoelewa mlima huu umetengenezwa na nini. Longonot ni volkeno, na sehemu kubwa ya mbavu zake ni majivu iliyoyatapika yenyewe. Nyasi na mizizi ndivyo vinavyoyashikilia. Mguu ukikanyaga mahali pamoja kila siku, nyasi hufa. Mvua za masika zikija, maji hupata mfereji ulio tayari, huteremka nao na kuuchimba. Mwaka unaofuata wapandaji hawataki kupita mtaroni kwa sababu ni wenye vumbi na utelezi, basi hupita kando, na kando nayo huwa mtaro. Mahali pamoja nilihesabu njia nne zilizokwenda sambamba, tatu kati yake zimeshageuka makorongo. Iliniuma kwa sababu hakuna mkosaji wa kumwonyesha kidole. Kila aliyepita kando alikuwa anaepuka kuanguka tu, nami mwenyewe nilishafanya hivyo mara mbili asubuhi ile.

Tangu hapo tulibaki katikati ya njia, hata palipokuwa pagumu.

Ukingoni upepo ulitupokea kwa nguvu hadi Shangazi akaifunga kofia yake kwa leso. Chini yetu kulikuwa na msitu. Watu huja wakitarajia shimo jeusi, lakini sakafu yote ya kasoko imejaa miti, kijani kizito kilichozungushiwa kuta za mwamba, na kwenye kuta hizo mvuke hutoka taratibu kwenye nyufa. Tulikaa pale tukitazama bila kusema lolote. Mwezi Machi 2009 moto wa nyika ulipanda mlima huu na kuteremka hadi ndani ya kasoko, ambako wanyama hawana pa kukimbilia. Nilijaribu kupatafuta mahali palipoungua, nikakosa; kutoka juu msitu ulionekana mzima.

Tulishika upande wa kulia, kuelekea kilele. Huku ndiko kugumu. Ukingo unapanda na kushuka kama meno ya msumeno, na kuna mahali ni lazima uweke fimbo chini ushike mwamba kwa mikono yote miwili. Upande mmoja msitu, upande mwingine bonde, na njia yenyewe haifikii upana wa kitanda. Shangazi alipanda kwa hatua fupi fupi, bila kusimama, akanifikisha mimi kileleni nikiwa nahema.

Kilele kina mita 2,776. Kaskazini magharibi Ziwa Naivasha lilikuwa linametameta, na magharibi mvuke wa Olkaria, ambako joto la ardhini huzalisha umeme, ulikuwa unapanda mweupe. Joto hilo haliko mbali na miguu ya anayesimama Longonot. Inadhaniwa mlima ulilipuka mara ya mwisho miaka ya 1860, na kati ya 2004 na 2006 vipimo vya rada kutoka kwenye setilaiti vilionyesha kwamba uliinuka kwa takriban sentimita 9. Nilimweleza Shangazi. Aliweka kiganja chake juu ya mwamba, kama unavyompima mtoto homa, akakiacha hapo kwa muda.

Upande wa kusini ulikuwa mpole zaidi. Tulitembea tukiwa na Mlima Suswa kwa mbali, nyasi zikilala na kuinuka kwa upepo, na kwa saa nzima hatukukutana na mtu. Ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote, na sina mengi ya kuisimulia.

Kushuka ndiko kulikotutesa. Mawe madogo huviringika chini ya kiatu, na kila kona kuna njia ya mkato inayokuita, imeng'aa kwa nyayo za walioitikia. Kwenye mojawapo Shangazi alisimama, akaokota tawi kavu la leleshwa, akalilaza katikati ya ule mkato. Nikamletea la pili. Kundi la vijana waliokuwa wakishuka nyuma yetu wakatuuliza kuna nini. "Hapa pamefungwa, wanangu," akawajibu. "Piteni huku tulikopita sisi." Wakasema, "Sawa, mama," wakazunguka kona.

Hatua chache kabla ya lango alikaa kwenye jiwe, akavua viatu na kuvikung'uta. Majivu ya kijivu yakamwagika, kiasi cha kujaa kiganja. Nilimwambia tungefanya hivyo garini, kuna kivuli.

"Hapana," akasema, akigonga soli kwa fimbo. "Haya ni ya huku."

Nikakaa chini, nikavua vyangu.