Mioyo juu ya mkuyu

Ugomvi ulizuka kwa sababu ya moyo wa kima.

Ilikuwa Pangani, kwenye klabu ya Kiswahili niliyoisimamia jioni baada ya vipindi. Niliwataka wanafunzi wa kidato cha pili wachague hadithi waliyosimuliwa nyumbani, tuigeuze katuni fupi kwa simu yangu. Wakachagua ile ya kima aliyekuwa akimrushia papa matunda ya mkuyu, mpaka siku papa alipombeba mgongoni kumpeleka kwao. Walipofika kilindini akamtobolea siri: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Wengi walikulia kwenye katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kurushwa mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam, na waliamini katuni hujitengeneza zenyewe ndani ya kompyuta. Sisi tulikuwa na udongo wa mfinyanzi, khanga ya buluu ndiyo bahari, na simu iliyofungwa kwenye kigoda kwa mpira wa baiskeli. Piga picha, sogeza mkono wa kima kidogo, piga tena. Picha 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Nilipoiandika hesabu hiyo ubaoni, mvulana wa nyuma akaguna: "Mwalimu, si bora tuigize tu?"

Tulipozicheza picha za mwanzo, bahari iliwaka na kuzima kama taa mbovu. Mawingu yalikuwa yakipita juani kati ya picha na picha. Tukafunga madirisha, tukatumia taa moja ya sola, na aliyeegemea meza alitolewa nje bila rufaa.

Kisha tukafika pale kima anapojiokoa kwa ulimi: sisi kima tukisafiri, mioyo yetu huiacha mitini. Msimulizi huyasema hayo akapita. Lakini kwenye picha utaonyesha nini? Binti mmoja akataka mkuyu uliosheheni mioyo.

"Huo uongo," akapinga yule mvulana. "Ukiuonyesha, mtazamaji ataamini."

"Papa si aliamini?"

"Papa mjinga. Mtazamaji si papa."

Darasa likagawanyika. Miaka yote nilikuwa nikifundisha nafsi za usimulizi, wanafunzi wanakariri, wanajibu mtihani, wanasahau. Siku hiyo waligombana kwa dhati kuhusu nani anaona nini na nani anamwamini nani, wala hakuna aliyetamka neno "usimulizi". Nilikaa kimya. Naona hadi leo kwamba katuni yenyewe ilikuwa kisingizio tu cha ubishi ule.

Aliyeamua ni msichana ambaye hakuwa amesema kitu jioni nzima, aliyekuwa akifuta vidole vyake vyenye masizi ya jikoni. Yaliyotokea kweli, akasema, yabaki ya udongo; yaliyomo kichwani mwa papa tuyachore kwa mkaa kwenye karatasi. Mvulana akakubali kwa sharti moja: mioyo iwe mikubwa mno, mikubwa kuliko kima mwenyewe, ili asiye papa aushtukie uongo. Wakaichora mmoja mmoja. Kila mara kima alipotamka neno, tawi lilichipua moyo mwingine, na jicho la papa likapanuka. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya kazi ile ninayoweza kujisifia, na sikuibuni mimi.

Sauti tulirekodi stoo, mlango umefungwa, tukisubiri kwanza adhana iishe.

Siku ya kuonyesha, bibi yake yule binti wa mioyo alikuja na kukaa mbele. Wengine walicheka mkuyu ulipochanua mioyo, yeye hakucheka. Akataka arudishiwe. Alipomaliza kutazama mara ya pili akauliza, "Na punda wa dobi?"

Wakatazamana.

"Kima akisharudi juu ya mti, papa anamngoja chini, anamwita ashuke waende zao. Kima anamjibu: wanifanya punda wa dobi, asiye moyo wala masikio? Papa anauliza ni punda gani huyo, ndipo anasimuliwa. Hadithi mmeikata mkia, wajukuu zangu."

Mvulana aliyetaka tuigize ndiye aliyeshika chaki. Dakika mbili za punda, picha 1,440. Akaguna, halafu akageuka.

"Lakini punda huyu yumo kwenye hadithi ya kima. Awe wa udongo au wa mkaa?"

"Mkaa!" wakasema wengine.

"Kwani bibi amesema kima anadanganya?"

Bibi akavuta kiti karibu na meza, akataka kujua mkaa ndiyo nini.