Kibao kwenye kona ya kwetu

Nimerudi Mbagala, wiki ya tatu sasa, baada ya miaka sita Estonia. Kilichonisimamisha siku ya kwanza ni kibao. Pale kona, wanapoegesha bodaboda, kuna nguzo ya chuma na bati limeandikwa: Njia ya Mwembeni. Naondoka, njia hii haikuwa na jina. Mgeni alikuwa anaambiwa ashuke Kizuiani, aulizie duka la Mpemba.

Huko Tartu, mji wa Estonia nilikosoma, nilipanga chumba mtaa wa Herne, yaani njegere. Jirani yake kuna Kartuli, viazi, Oa, maharage, Meloni, tikiti. Kitongoji chenyewe, cha nyumba za mbao kando ya mto Emajõgi, ni Supilinn: Mji wa Supu. Watu wa kule walilima bustani za mboga, na mboga zikabaki kwenye vibao. Nilikipenda mno. Mwezi wa kwanza, baridi kali, najikuta natamka majina ya chakula njia nzima hadi chuoni.

Barabara kubwa hazikunipa tabu. Tallinn, mji mkuu, Narva maantee, yaani barabara kuu ya Narva, inaelekea mji wa Narva na Pärnu maantee inaelekea mji wa Pärnu, sawasawa na hii yetu ya Kilwa. Majina ya watawala ndiyo hayakai. Wakati wa Wasovieti palikuwa na barabara ya Lenin katikati ya Tallinn. Leo ni Rävala, jina la kale la eneo lile. Na sisi Mtaa wa Samora uliitwa Acacia enzi za Waingereza.

Basi juzi nikamuuliza mama, mwembe wenyewe uko wapi? Mimi nakumbuka uvuli tu, na embe dodo tulizokuwa tukizipiga mawe.

"Ulikatwa ulipoondoka wewe," akasema. Akaniambia mwaka 2022, zoezi la anwani za makazi lilipofika, kwenye mkutano wa mtaa wengine walipendekeza jina la tajiri mmoja mwenye nyumba pale mbele. Wazee wakakataa. Mama naye alisimama, akasema hapa tumezikana na kuozana chini ya mwembe.

Akanishika mkono hadi nyuma ya banda la chipsi. Kisiki kipo, kipana kama sinia la pilau, na ubavuni kimetoa machipukizi mawili, majani bado mekundu. Kila asubuhi anakimwagia maji aliyooshea mchele.