Land Cruiser HZJ75: inatoka 1HZ, inaingia 1HD-FTE

Gari ni pikapu ya HZJ75, na injini yake ya zamani ni dizeli ya 1HZ. Injini mpya, 1HD-FTE, imetoka kwenye HDJ100 (Land Cruiser 100), na imenunuliwa nzima: nyaya zake, kompyuta, ufunguo na kisanduku cha EDU, kinachoendesha pampu ya dizeli kwa amri ya kompyuta. Muuzaji akisema kompyuta utaipata kwingine, achana naye.

1HZ na 1HD-FTE ni za ukoo mmoja: silinda sita, cc 4,164, boa mm 94, stroki mm 100. Ile ya zamani haina turbo na inatoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 285 hivi. Hii mpya, ikiwa na turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo), hufika Nm 430. Mabano ya maunti (vishikizo vya injini) ya 1HZ yanafunga kwenye bloki mpya, kwa hiyo chasisi haikatwi wala haichomelewi. Kazi yenyewe iko kwingine.

Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ishughulikiwe injini ikiwa bado juu ya stendi. HDJ100 haina ekseli nzima mbele, HZJ75 inayo, na sampu ya HDJ100 itagongana nayo. Hamisha kutoka 1HZ sampu, bomba la kunyonyea oili na dipstiki, vyote vitatu kwa pamoja. Ukibakiza bomba la HDJ100, mdomo wake hautakaa pale oili inapokusanyika. Kwenye mwinuko pampu itanyonya hewa, na beringi za konrodi ndizo zitakazolipa. Papo hapo badilisha taimingi belti, wota pampu na sili ya nyuma ya krenki. Injini ikishaingia, sili hiyo inamaanisha kushusha gia boksi upya.

Gia boksi H55F imebaki. Ni ngumu, na gia yake ya kwanza, yenye uwiano wa 4.84, inatosha kuvuta mzigo wowote wa pikapu hii. Flaiwili na klachi ni za injini ya turbo. Kabla ya kufunga, ingiza diski kwenye shafti ya gia boksi kwa mkono uone kama meno yanakubaliana. Klachi ya 1HZ ingeonekana nzima kwenye gia ya kwanza na ya pili, kisha ingeanza kuteleza kwenye ya nne na ya tano, mlimani, gari likiwa na mzigo.

Diffu zilikuwa za uwiano wa 4.11. Kwa tairi za 7.50R16, mwendo wa kilomita 100 kwa saa unadai mizunguko ya injini kama 2,300 kwa dakika kwenye gia ya tano. Kwa 3.70 inashuka hadi 2,100 hivi, na torki ya kuibeba ipo. Lazima zibadilishwe mbele na nyuma kwa pamoja, la sivyo siku utakapoingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu kitu kitavunjika.

Umeme ndio uliokula muda. Pampu ya dizeli inaongozwa na kompyuta kupitia EDU, ambayo hupeleka volti kubwa kwenye vali ya spili, inayopima dizeli ndani ya pampu. Usiguse nyaya zake swichi ikiwa imewashwa. Kompyuta inahitaji moto (umeme) wa kudumu kutoka betri, moto wa swichi, ishara ya starta, na athi (waya wa ardhi) safi kwenye bloki. Athi dhaifu huleta hitilafu za uongo, na fundi ataishia kubadilisha sensa nzima zisizo na kosa. Imobilaiza (kinga ya wizi) isipoutambua ufunguo, starta itazunguka vizuri tu bila injini kuwaka. Angalia pia starta yenyewe: baadhi ya injini zilizotoka Japani zina ya volti 24, na gari hili ni la 12.

Mabomba ya dizeli yamewekwa mapya kutoka tenki, pamoja na kichujio cha kutenganisha maji. Pampu hii huvuta dizeli yenyewe. Kiungo kikipitisha hewa hata kidogo, asubuhi utapiga starta mpaka betri ichoke, ilhali hakuna tone linaloonekana chini.

Inawaka na haivuji. Kilichobaki ni intakula mbele ya rejeta, eksozi ya inchi 3 iliyokingwa joto pale inapopita karibu na bomba la breki, na geji ya joto la eksozi, sensa yake ikiwa kabla ya turbo. Presha ya turbo haitaguswa kabla geji hiyo haijafungwa.