Hola, kando ya mfereji

Kutoka Garissa hadi Hola nilitozwa shilingi 1,200. Mama niliyekaa naye kiti kimoja alilipa 700. Nilipolalamika makanga akaniambia kama sitaki nishuke, na jua lile ningeshukia wapi? Gesti nako feni ilikuwa mbovu, mbu wakanila hadi alfajiri.

Asubuhi kijana wa bodaboda akanipeleka kwa mzee mmoja Mpokomo, aliyekuwa akipalilia mahindi kando ya mfereji wa skimu ya umwagiliaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka bara?"

Nikamweleza kwamba babu yangu aliwekwa kizuizini katika kambi ya Manyani wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950 Waingereza walipopambana na Mau Mau, na hakupandishwa kizimbani hata siku moja. Mzee akanikabidhi jembe. "Haya, chimba kidogo."

Nikachimba. Udongo ule ukikauka hulirudisha jembe juu, na mpini ukanichubua viganja upesi. Jasho likaniingia machoni. Mzee hakunizuia.

"Sasa fikiria umesimamiwa na askari wenye rungu," akasema.

Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa zaidi ya 80 walitolewa kwenye kambi ya kizuizi iliyokuwa hapa Hola wakalazimishwe kufanya kazi ya kuchimba mfereji. Walikuwa wakikataa, kwa sababu hakuna mahakama iliyowahukumu. Walipigwa hadi 11 wakafa. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwanza kwamba vifo vilitokana na maji waliyokunywa kutoka kwenye gari la maji. Maji! Uchunguzi ukathibitisha kwamba ni kipigo, lakini hakuna aliyeshtakiwa. Kisa kilichafua hewa hadi bunge la Uingereza, na makambi yakaanza kufungwa.

Mzee alikuwa mtoto mwaka ule. Anachokumbuka ni watu wazima kunyamaza kila gari la kambi lilipopita.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Babu alikuwa ameshafariki. Alipoachiliwa alikuta mashamba ya kwetu Murang'a yameunganishwa na kupimwa upya yeye akiwa hayupo, na penye rutuba pamechukuliwa na waliokuwa upande wa serikali. Akapewa kipande cha mteremkoni. Baba na ndugu zake wanakigombania mpaka leo, na kila mkutano wa ukoo huishia kwa matusi ya mpaka. Nimechoka kusikia wakilaumiana wao kwa wao. Desemba tukikutana nitawasimulia habari za Hola kabla hawajaanza.