Kisigino kilinitesa miezi, hivi ndivyo nilivyorudi kwenye jogging

Mwenye haya maumivu anaijua ile hatua ya kwanza asubuhi, unashuka kitandani kama umekanyaga msumari, unashika ukuta mpaka chooni, halafu ukishatembeatembea kinaachia unajiona umepona, panda sasa daladala ya Mbagala ukae kwenye foleni, ukishuka tu kimerudi upyaa. Na mimi ni mtu wa jogging, kila Jumapili alfajiri niko barabarani na klabu yetu, kwa hiyo kila ninayemuuliza akisema "pumzika tu" roho inaniuma kuliko hata kisigino chenyewe.

Picha ya eksirei ilionyesha kimfupa kimechomoza chini ya kisigino nikaogopa sana, nikajua ni kisu hiki. Dada wa fizio, yaani wa tiba ya mazoezi, ndio akanitoa hofu, akasema wapo watu kibao wana kimfupa hicho na hawaumwi chochote, kinachouma ni ule utando mgumu unaotoka kisiginoni mpaka kwenye vidole na kushikilia upinde wa unyayo. "Kaka, ukilala tu huo mguu unazidi kulegea, tuufundishe kubeba mzigo pole pole."

Zoezi lenyewe: unasimama kwenye ngazi kwa mguu unaouma, chini ya vidole unaweka taulo uliyoikunja ili viinuke, kisigino kinabaki hewani, unainua kisigino sekunde 3, unatulia juu sekunde 2, unakishusha sekunde 3, unafanya leo kesho unaacha. Likishakuwa jepesi unavaa begi la vitabu mgongoni. Kuuma kidogo wakati wa zoezi sio shida, we sikilizia asubuhi yake, kikiuma kuliko jana basi umezidisha, punguza. Kwangu hili ndilo lililofanya kazi kweli, mengine yote ni ya kutuliza tu, kama kuvuta vidole kuja kwako kabla hujashuka kitandani, na jioni kuviringisha unyayo juu ya chupa ya maji iliyoganda. Pekupeku kwenye vigae niliacha kabisa, ndala nyembamba nazo hivyohivyo, natembea ndani na sendo zenye soli nene.

Sindano ya steroidi niliikataa, inatuliza haraka ni kweli lakini maumivu mara nyingi yanarudi na utando unaweza hata kuchanika, mtu anayekimbia hiyo sio ya kukimbilia.

Pumzi nililinda kwa baiskeli. Kukimbia nilirudi kwenye nyasi, nakimbia kidogo natembea kidogo, ilichukua miezi jamani msidanganyane wiki mbili, ila sasa hivi nakimbia na wenzangu mpaka mwisho.

Ila kama una ganzi, kisigino kimevimba, au kinauma hata usiku umelala, usianze na taulo, nenda kwa daktari kwanza.