Nukta Mbili kwenye Fulana ya Bonge

Juzi kwenye kituo cha basi mwanangu alimkodolea macho askari aliyesimama karibu yetu, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa barabara: "Baba, ile ya njano kifuani kwake ni bunduki ya kuchezea?" Askari akacheka. Akamwambia si ya kuchezea, ni Taser, kifaa cha kumpiga mtu umeme kwa mbali, ila imepakwa njano ili mtu asiidhanie bastola. Mtoto akaridhika. Mimi nikabaki nayo mpaka nyumbani, nikiikumbuka siku ya Bonge.

Ilikuwa Ramadhani ya 2018, zile saumu ndefu za huku Uingereza ambapo jua linazama saa tatu na kitu usiku. Mwenzetu Bonge alikuwa jikoni anakuna nazi. Tui la kopo limejaa madukani, lakini ndivyo alivyo Bonge: samaki wa kupaka kwa tui la kopo kwake ni matusi. Simu ya Tanga ikaingia katikati ya nazi. Mama yake amefariki, na wameshamzika tangu alasiri. Bonge alikuwa katoka zamu ya usiku ghalani, hajalala, na ana saumu. Akatoka nje vilevile alivyokuwa, miguu mitupu, kikoi kiunoni, fulana nyeupe, na ile mbuzi ya nazi mkononi, akaanza kuyapiga mapipa ya taka huku anamwita mama yake.

Jirani akapiga simu polisi. Simlaumu. Jitu lenye kilo mia na ushei linapiga kelele kwa lugha usiyoijua, mkononi lina kitu cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno. Sisi tunajua mbuzi ni ya kukalia na kukuna. Mtu ambaye hajawahi kuiona angeiita nini?

Nilipoteremka kwenye basi na mfuko wangu wa tende, mambo yalikuwa yameshaiva. Jua limeshajificha nyuma ya nyumba, mtaa wetu umeingia kivuli, na askari wawili wamesimama hatua chache kutoka kwa Bonge: mwanamume wa makamo, na binti ambaye nadhani hakuwa amefika thelathini. Binti ndiye aliyekuwa na ile ya njano, ameishika kwa mikono miwili. Nikapaza sauti kwamba mama yake amefariki leo, kwamba ile ni ya nazi tu, kwamba mnipe dakika moja nizungumze naye. Yule mwanamume akaninyooshea kiganja bila kugeuza shingo. Rudi nyuma.

Ndipo nikaziona zile nukta. Mbili, nyekundu, ndogo kuliko punje ya choroko, moja chini kidogo ya titi la kushoto na nyingine karibu na kitovu. Siku hizo nilikuwa sijui kwamba zinaonyesha mahali vishale viwili vitakapoingia. Niliona tu kwamba zinapanda na kushuka, kwa sababu Bonge alikuwa anahema. Binti alikuwa anamwamuru aweke chini alichoshika, sauti imenyooka, maneno yaleyale, tena na tena. Bonge anajua Kiingereza vizuri sana, lakini siku hiyo sidhani kama alikuwa anasikia lugha yoyote.

Kisha naye akaziona. Akaacha kulia. Akaitazama fulana yake, akajipangusa kwa mkono wa kushoto, mara moja, mara mbili, taratibu kabisa, na nukta zikawa zinapita juu ya vidole vyake na kurudi kwenye nguo. Hazitoki. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajakifanya, maana alitaka kuivuta ile fulana aitazame vizuri, na mkono aliotaka kuvutia ulikuwa ule wenye mbuzi. Nikaita jina lake, lile la nyumbani. Akainua mkono.

Binti akapiga ukelele, "Taser! Taser!" na palepale ukasikika mlipuko mdogo, hafifu kuliko nilivyotarajia, ukafuatiwa na mlio wa haraka haraka, ta-ta-ta-ta-ta. Bonge akaanguka kama mnazi uliokatwa, wima, uso mbele, bila kutanguliza mikono. Mzunguko mmoja wa kile kifaa ni sekunde tano. Misuli inakaza na mwenye mwili hana amri nayo. Askari wa kiume alikuwa anamfokea, "Achia! Achia!" na mimi nilikuwa nautazama mkono wa Bonge, vidole vimeng'ang'ania mguu wa mbuzi mpaka vifundo vimebadilika rangi. Huo mlio ulipokoma tu, mkono ukafunguka wenyewe.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Pingu, gari la wagonjwa, vishale kuchomolewa, jino la mbele kukatika, usiku mmoja hospitalini na askari mlangoni, kisha akaachiwa bila mashtaka. Haki ya Mungu niseme: yule binti alipiga magoti chini pale akamuuliza Bonge jina lake, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko ya kwangu. Walipoondoka nikakuta lami imetapakaa vikaratasi vya mviringo, vidogo mno, vina namba. Baadaye nilielezwa kwamba kile kifaa huvitema kila kinapofyatuliwa ili ijulikane ni kipi kilichotumika. Niliokota vichache nikaviweka kwenye mfuko wa tende.

Usiku wa khitma nyumba ilijaa, na mjadala ukawa huohuo. Mjomba, ambaye amevaa sare ya polisi kule nyumbani Tanzania mpaka akastaafu, alianza hata chai haijamiminwa.

"Mimi nilipewa vitu viwili, rungu na bunduki. Mtu ana chuma mkononi, hasikii amri. Ukimpiga rungu unamvunja mfupa. Ukimpiga bunduki mnamzika. Huyu mwenzenu keshokutwa anakula pilau. Mnalia nini?"

Mama Mdogo alikuwa anapanga vikombe, hakumwangalia. Yeye ni mtu wa Pemba, na mwaka 2001, Januari, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, alikuwa Pemba. "Shemeji, wale waliotupiga risasi siku ile, wangekuwa na hicho cha umeme ndiyo wangeacha bunduki nyumbani? Wangekuja navyo vyote viwili."

"Pale palikuwa na umati. Hapa ni mtu mmoja."

"Mtu mmoja anayelia mama yake. Kwani walikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Mpwa wangu, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sheria, akaingilia kwamba Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso ilishasema mwaka 2007, ilipokuwa inaijadili Ureno, kwamba maumivu ya Taser ya aina ya X26 ni namna ya mateso na kwamba inaweza hata kuua. Mjomba akamuuliza kwa upole kama wajumbe hao wamewahi kukabiliana na mtu mwenye panga. Mpwa akamjibu kwamba Bonge hakuwa na panga. "Alikuwa na mbuzi," akasema Mjomba, na watu wakacheka, ingawa ilikuwa khitma.

Shemeji yangu ndiye aliyetunyamazisha. Yeye ni shabiki wa damu wa Aston Villa, na akamtaja Dalian Atkinson, mshambuliaji wao wa zamani. Wakubwa wanalikumbuka lile bao lake dhidi ya Wimbledon mwaka 1992, alivyoburuta mpira tangu nusu yake na kuuchopu juu ya kipa. Huyo, Agosti 2016, akiwa na miaka 48, alikwenda usiku nyumbani kwa baba yake, mjini Telford, akiwa amechanganyikiwa, majirani wakaita polisi, wakampiga Taser, akafa. "Naye aliambiwa ni mkaidi," Shemeji alisema. Wakati huo kesi ilikuwa haijafika mahakamani, kwa hiyo kila mmoja alijaza alichokuwa hajui kwa alichokuwa nacho moyoni.

Niliwasikiliza mpaka usiku wa manane, na nilichokiona ni kwamba hakuna aliyekuwa anamjadili yule binti. Mjomba alikuwa anajitetea yeye mwenyewe, kijana, usiku, peke yake, na rungu mkononi. Mama Mdogo alikuwa Pemba. Mimi nilikuwa bado kwenye dakika yangu moja, ile niliyoiomba nikanyimwa. Bonge alikuwa sebuleni muda wote, mdomo umevimba, hakuchangia neno.

Mjadala haukufa. Juni 2021 mahakama ya Birmingham ilimtia hatiani askari Benjamin Monk kwa kumuua Atkinson bila kukusudia, akafungwa miaka minane. Mkupuo wa mwisho wa umeme ulikwenda sekunde 33, halafu mateke ya kichwani mtu akiwa ameshalala chini. Mjomba akanipigia simu siku hiyohiyo: huyo ni askari mbaya, usilaumu chombo. Mama Mdogo, nilipomfikishia, akasema chombo ndicho kilichomlaza ili apigwe mateke. Wote wawili wananitaka niwaunge mkono na wote wawili nawaunga, jambo ambalo halimfurahishi yeyote.

Takwimu za huku zinaonyesha kwamba kile kifaa kikitolewa hufyatuliwa takriban mara moja tu katika kumi. Mara nyingine nyingi huishia kwa kutolewa au kuonyeshwa nukta tu. Sasa huyo wa kumi ni nani? Nadhani mara nyingi ni yule asiyeweza kusikia, kwa pombe, kwa ugonjwa, kwa uziwi, kwa simu iliyotoka Tanga. Lakini pia najua kwamba ningepewa ile dakika yangu huenda Bonge angenisikia, na huenda mbuzi ingenishukia mimi kichwani. Siwezi kuapa.

Bonge mwenyewe ukimuuliza leo atakwambia afadhali umeme kuliko risasi, na papo hapo atakwambia hawakuwa na haki ya kumpiga. Mjomba humwambia achague moja. Bonge husema hachagui, na anayetaka kuchagua akasimame yeye pale kwenye mapipa.