Siku niliyotoa dainamo nikatia altaneta

Saa 1 asubuhi. Nimekunywa chai kwa mahamri na mbaazi, nikafungua banda langu hapa Majengo. Mzee wa Kisauni alikuwa ashafika na Land Rover yake ya 1964.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiku taa zafifia. Nikitia waipa, hata njia siioni."

Dainamo yake, ile mashine ya zamani ya kuchaji betri, ikiwa nzima hutoa ampea 22, na injini ikienda polepole haitoi kitu. Kwenye foleni ya feri Likoni, gari inakula betri tu.

Saa 2. Kabla ya kushika spana niliangalia betri. Chanya ndiyo iliyofungwa bodi, kama gari nyingi za Uingereza za miaka ile. Altaneta, mashine ya kisasa ya kuchaji niliyotaka kuitia badala ya dainamo, yataka hasi ndiyo ifungwe bodi. Ukikosea, daiodi zake, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinaungua papo hapo. Nikageuza betri, nikapishanisha nyaya za koili na za mita ya ampea. Stata haijali.

Saa 4. Dainamo imetoka, bano jipya limechomelewa kwa jirani, puli zimenyooka.

Saa 6. Regyuleta ya zamani, ile inayodhibiti volti, sikuitumia tena, maana altaneta ina yake ndani. Nikavuta waya mpya mnene mpaka betri. Kila ncha nimeitia lehemu na grisi, kwa sababu hewa ya chumvi ya huku inakula shaba hata ndani ya mpira.

Saa 9, baada ya swala na chakula, nikawasha. Volti 12.3. Haichaji!

"Ami, altaneta mbovu hii, tuirudisheni dukani," kijana wangu akasema.

Nikamwambia angoje. Kuna waya mwembamba unaotoka altaneta, unapita taa ya chaji, unaingia swichi. Watu huudharau, wakidhani ni wa taa tu, kumbe umeme unaopita kwenye ile balbu ndio unaoamsha sumaku ya altaneta. Nikachomoa balbu: mtu alishaweka ya LED, na hiyo hupitisha umeme kidogo mno. Nikatia ya kawaida ya wati 2.2. Taa ya chaji ikawaka, injini ikaunguruma, taa ikazima. Volti 14.2!

Kijana nikampa mita apime mwenyewe.

Saa 10. Mzee akawasha taa zote na waipa, injini ikiwa chini kabisa: 13.9. Akashuka, akasimama mbele ya gari kuzitazama taa zake, na jua bado kali.